Karatasi Si Karatasi Tu

Msiniambie tena kwamba anayejifunza kuchora aanze na daftari la shule, eti karatasi ni karatasi tu. Mimi nilianza hivyo hapa Igowole. Nilikaa kando ya shamba la chai na rangi za maji. Kwa ukungu wetu wa Mufindi hazikauki upesi. Karatasi ikajikunja, ikachubuka, kijani kikatokea ukurasa wa pili. Nikaamini mkono wangu ni mbovu, nikaacha miaka miwili.

Karatasi ya daftari haifiki gramu 100 kwa mita ya mraba. Rangi ya maji inataka gramu 300. Ni ghali? Basi kijitabu kiwe kidogo! Shiti moja ya sentimita 56 kwa 76 ikate vipande 8, vikunje katikati, vishone kwa uzi: una kurasa 32 za kuingia mfuko wa koti.

Wilaya hii ina misindano ya Sao Hill na kiwanda cha karatasi Mgololo. Mtoto wake asiambiwe hana kipaji kwa sababu ya karatasi mbovu.