Twaogopa simu, twamsahau fundi wa jua kali

Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Hata hivyo, mpenzi msomaji, hakuna apendaye kufa macho kwa uzembe.

Siku hizi kuna simu zinazofunguka zikitambua uso wa mwenyewe, na kompyuta zinazofuata mwendo wa macho, ambazo huwawezesha kuandika watu wasioweza kutumia mikono. Nyingi ya kompyuta hizo, na baadhi ya simu, humulika jicho kwa miale ya infraredi. Je, haitawapofusha watoto wetu?

Infraredi si kitu kigeni. Ndiyo joto unalolisikia usoni ukiota moto jikoni. Jicho haliioni, kwa hivyo halifumbi wala mboni haisinyai kujikinga. Ndiyo maana wataalamu wa kimataifa waliweka kipimo: kwa anayemulikwa muda mrefu, miale isizidi miliwati 10 kwa kila sentimita mraba. Kifaa kinachofuata kipimo hicho hakidhuru macho, mradi kisifunguliwe kuchezewa.

Sasa pita mitaani Meru au Embu, wanapochomelea milango na madirisha mafundi wa jua kali. Watoto watokao shule husimama kutazama. Moto ule hutoa infraredi pamoja na miale ya altravayoleti, ambayo huunguza sehemu ya mbele ya jicho. Maumivu huchelewa, usiku ndipo mtoto hulia kana kwamba ametiwa mchanga machoni. Mwanga wenyewe nao waweza kuunguza ndani ya jicho bila uchungu wowote. Na joto la infraredi la miaka mingi huweza kuleta mtoto wa jicho, kama walivyougua zamani watengenezaji vioo wa Ulaya waliokodolea tanuri macho.

Fundi asijidanganye kwa miwani ya jua ya sokoni. Giza lake hupanua mboni, na miale ikazidi kupenya. Kazi ya kawaida ya umeme yataka kioo maalum cha kuchomelea, namba 10 au zaidi.

Mzazi, infraredi ya simu isikukoseshe usingizi. Mfunze mtoto ageuze uso na kupita upesi kwa fundi. Macho yakimuuma, mpeleke hospitali, usimtie dawa za kubahatisha. Nawe fundi, tundika turubai kati ya moto wako na njia. Wanaopita hapo ni watoto wako pia.