Ukungu wa Mlimani na Ukungu wa Mbao

Leo nina neno na wewe unayeishi Nairobi, Nakuru au Mombasa, lakini una boma la wazee huko kwenye majani chai. Huenda hivi sasa mnachanga pesa kuwajengea baraza au kuwatengenezea ua. Kabla hujanunua mkebe wa vanishi, nisikilize kwanza.

Sisi tulimjengea nyanya nyumba ya mbao karibu na Mogogosiek, upande wa Bomet. Huko nyanya huitwa kogo. Baraza lilikuwa la mbao za saiprasi, lenye ukingo wa kuegemea akitazama chai yake. Mimi, mtu wa mjini, nikajitia ujuzi. Nilinunua vanishi ileile iliyong'arisha mlango wangu wa Nairobi kwa miaka mingi, tukaipaka katika likizo ya Aprili. Mbao ziling'aa kama kioo, na majirani wakasifu.

Kufikia Agosti, madoadoa meusi yalikuwa yametapakaa kama pilipili manga. Tulipanguza, yakarudi. Mwaka wa tatu kogo aliegemea ukingo ule ukavunjika, naye akaanguka hadi kwenye ngazi. Alhamdulillahi aliumia kiwiko tu. Hata hivyo, nilipoushika ule mti mkononi ulimomonyoka kama mkate uliolowa, ilhali vanishi juu yake ingali inameta.

Kosa lilikuwa wapi? Lugha yetu ina hekima yake, msomaji. Ile hewa nyeupe inayofunika mashamba alfajiri tunaiita ukungu, na ule uchafu unaoota juu ya mkate au mbao tunauita ukungu pia. Kumbe hao ni ndugu! Kericho hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Nairobi. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima, hupoa, na aghalabu alasiri humwagika kuwa mvua. Ndiyo maana chai hustawi huko tangu makampuni makubwa yalipoanza kuipanda katika miaka ya 1920. Lakini kinachoipendeza chai huipendeza kuvu pia.

Mbegu za kuvu ni ndogo mno na zimo hewani kila mahali. Zinahitaji unyevu, chakula na joto la wastani. Jua kali la adhuhuri likikausha mbao haraka, hazipati nafasi. Mbao zikishinda na majimaji kuanzia alasiri hadi saa nne asubuhi ya kesho yake, basi karamu imeanza.

Hapa tutofautishe mambo mawili. Kuvu jeusi la juu hula vumbi, chavua na hata mafuta tunayopaka. Mafuta mabichi ya kitani, kwa mfano, ni chakula kitamu kwake. Hilo huchafua tu. Kuvu jingine huingia ndani na kuula mti wenyewe, na hilo ndilo lililomwangusha kogo. Lakini yote mawili hufuata maji. Kwa hiyo ukiona doa jeusi, chukulia kwamba mbao inakuambia, "Sikauki!"

Na vanishi yangu je? Mlango wangu wa Nairobi ulikuwa chini ya kibaraza, mkavu daima. Kule Mogogosiek tulipaka mbao ambazo hazijakauka, tena katikati ya masika. Maji yalifungiwa ndani. Kisha miale ya jua, ambayo huwa mikali nyanda za juu, ikapasua ile ngozi ngumu. Mvua ikapenya katika nyufa, isiweze kutoka. Tulikuwa tumemvisha mtu aliyelowa koti la mvua.

Wenyeji wangetufundisha, laiti tungeuliza. Katika kiwanda cha chai, jani bichi ambalo zaidi ya robo tatu yake ni maji hukaushwa mpaka hubaki na takribani asilimia 3 tu. Hakuna anayefunga chai mbichi katika gunia. Mbona sisi tulifunga mbao mbichi katika vanishi?

Basi fanya hivi. Panga mbao zako kivulini, ukitenganisha kila safu kwa vijiti, hewa ipite kwa miezi kadhaa. Ngoja Januari au Februari, mvua inapopungua. Anza asubuhi umande ukishakauka, na umalize mapema kabla ya mawingu ya alasiri. Nyunyiza matone ya maji: yakinyonywa upesi, mbao iko tayari kupokea dawa. Chagua mafuta ya kukinga mbao yanayozama ndani, yaliyotiwa dawa ya kuzuia kuvu na rangi kidogo ya kupunguza makali ya jua. Hayametameti sana, lakini hayabambuki, na kuyarudia ni rahisi. Usisahau ncha za mbao, maana hunywa maji kuliko ubavu. Usipake oili chafu ya gari, kwani huchafua udongo na mavazi.

Ukiona doa na hujui kama ni vumbi au kuvu, dondoshea tone la jiki. Likififia, ni kuvu. Lisafishe kwa sehemu moja ya jiki na tatu za maji, kisha suuza vizuri. Vaa glavu na ufunike macho. Kamwe usichanganye jiki na amonia wala asidi, maana mvuke wake ni sumu. Usipake mafuta juu ya kuvu hai, utakuwa umemfunika adui shuka.

Zaidi ya yote, dawa ya mkebe haishindi paa pana. Nyumba za kale za nyasi zilikuwa na upenu ulioshuka chini, ukuta haukupigwa na mvua. Wazee hawakuwa na vanishi, ila walijua maji yanakotoka.

Tuliujenga upya ukingo wa kogo, tukaongeza upenu, na kila Januari wajukuu huukagua kwa kuchoma mbao kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kwa urahisi, ubao hubadilishwa siku hiyohiyo. Bandu bandu huisha gogo, msomaji. Safari hii ukienda kuwasalimu wazee, kabla ya kunywa chai, utikise kwanza ule ukingo wanaouegemea.