Somo la kujitegemea Songea: Nani mwenye mavuno?

MVUA za Novemba zinapoanza mjini Songea, hata katika viwanja vya Lizaboni, kata iliyomo ndani ya manispaa, ni nadra kuona udongo ulioachwa bure. Mahindi hupandwa hadi ukutani mwa nyumba, maboga hutambaa katikati yake na kuku hufungiwa wasije wakafukua mbegu. Mgeni anaweza kudhani kuwa hapa hakuna anayehitaji kufundishwa kujitegemea.

Picha hiyo haielezi kila kitu. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa mahindi nchini, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) hununua na kuhifadhi nafaka hapo hapo Songea. Hata hivyo, si jambo geni familia iliyouza magunia yake wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kurudi dukani Januari kununua unga kwa kilo.

Kinachokosekana hapo si jembe, bali ujuzi wa kazi zinazofuata baada ya jembe. Mahindi yaliyohifadhiwa ovyo huishia kwa dumuzi, mdudu aliyeanza kuonekana mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na ambaye wakulima walimbatiza jina la lori, Scania. Mfuko usiopitisha hewa, ule unaojulikana kama "kinga njaa", unaweza kumzuia bila dawa, lakini una masharti yake. Nafaka ikauke barabara, mifuko miwili ya ndani ifungwe kila mmoja peke yake, na panya asipate nafasi, kwani tundu moja tu hutosha kuharibu kazi yote.

Kwa kuku ni vivyo hivyo. Tone moja la chanjo ya mdondo kwenye jicho, likirudiwa kila baada ya miezi mitatu, ndilo linaloamua iwapo familia itakula mayai au itafukia mizoga. Ni stadi ndogo, lakini anayekosea hupoteza chakula cha mwaka.

Swali la nani azifundishe limepata jibu jipya la Serikali. Januari 2024 ulianza kutumika mtaala unaoipa elimu ya sekondari mkondo wa amali, ambamo mwanafunzi husoma masomo ya kawaida sambamba na fani kama kilimo, ufugaji, ushonaji au useremala. Wengi wamelipokea jambo hili kama kitu kigeni. Kwa Songea si kigeni hata kidogo, na pengine mji huu ndio wenye haki ya kuuliza maswali magumu zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha Litowa, wilayani Songea. Mwaka 1963 kilizaliwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, RDA, ambacho hadi mwishoni mwa muongo huo kilikuwa na vijiji 17. Mwingereza Ralph Ibbott aliishi Litowa na familia yake akiwa mshauri. Vijiji hivyo vilikuwa na mashamba ya pamoja, kiwanda cha kupasua mbao, na mashine ya kusaga nafaka mjini Songea.

Shule ya Litowa, chini ya mwalimu mkuu Suleiman Toroka, ilifundisha kwa namna ambayo haikuwa kawaida wakati ule. Watoto walisoma hesabu na kusoma, na walilima. Walichokivuna walikila wao, na wazazi wao walikuwa wanachama waliokaa mkutanoni kuamua nini kipandwe na fedha ziende wapi. Wanahistoria wengi wanaitaja Litowa miongoni mwa mifano iliyomvutia Mwalimu Nyerere kabla ya kutoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967.

Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Mali zake zilichukuliwa, ikiwamo mashine ya kusaga, na walimu wa Litowa wakahamishiwa kwingine. Kosa kubwa la RDA, kwa tathmini ya wengi walioandika habari zake, ni kwamba wanakijiji walijiamulia mambo bila kusubiri amri kutoka juu.

Kilichobaki ni jina la somo. Katika shule nyingi nchini, Elimu ya Kujitegemea iligeuka kuwa zamu ya kulima, na mara nyingine adhabu kwa aliyechelewa kengele. Mwanafunzi alishika jembe miaka saba asijue mavuno yalikwenda wapi. Haishangazi kwamba wazazi wa leo, waliopita katika mashamba hayo, wanamtaka mtoto awe karani kuliko mkulima.

Mkondo wa amali utapimwa hapo hapo. Karakana, walimu wa fani na vifaa vinahitajika, na madai hayo yanasikika kila siku. Lisilosikika ni hili: mwanafunzi atakayefuga kuku 20 shuleni atagawiwa nini wakiuzwa, na nani ataketi naye kupiga hesabu ya chakula chao?

Mjini suala hilo lina sura nyingine. Mparachichi uliobebeshwa huhitaji takribani miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri, na wakazi wengi wa mijini ni wapangaji. Mpangaji anaweza kuujua upandikizaji kuliko mwenye nyumba wake, lakini kwenye kiwanja ambacho si chake hupanda mchicha, unaochumwa baada ya wiki tatu au nne, kabla ya kodi kwisha.