Sherry Magee Astahili Heshima Yake

Miongoni mwa kadi ndogo ambazo American Tobacco Company ilizitia katika pakiti za sigara baina ya 1909 na 1911, kadi ya Sherry Magee, mchezaji besiboli wa Philadelphia, hutafutwa kwa mali nyingi, wala si kwa umahiri wake, bali kwa kuwa mchapaji alikosea akaandika Magie. Jambo hili lanihuzunisha mno. Zama zile za besiboli, mpira ulipokuwa hauruki mbali na kila pointi ikichumwa kwa taabu, bwana huyu aliongoza National League kwa wastani wa upigaji mwaka 1910, na mara nne, ya mwisho 1918, kwa kuwaleta wenziwe nyumbani wapate pointi. Nyuma ya kadi hamna sifa hizo, ila tangazo la sigara. Na Cooperstown, wanakotukuzwa mashujaa wa mchezo huo, hajakubaliwa hadi leo. Akubaliwe.