Machozi ya Mti wa Chios

Wenyeji wa pwani ya Afrika ya Mashariki wajua tangu zamani thamani ya utomvu wa miti. Ubani hufukizwa majumbani, na sandarusi ilichimbwa ardhini ikapelekwa ng'ambo kutengenezewa vanishi. Lakini uko utomvu mwingine, ambao hutiwa katika vyakula vitamu. Huitwa mastika, nao hutoka katika kisiwa cha Chios, nchi ya Ugiriki.

Mti wake ni mfupi, wenye matawi yaliyopindapinda. Jamii yake huota mahali pengi kando ya Bahari ya Mediterania, walakini utomvu huu hasa hupatikana kusini mwa kisiwa hicho, katika vijiji 24. Wakati wa kiangazi mkulima hufagia chini ya mti, akatandaza udongo mweupe wa chokaa ili matone yasichafuke. Kisha huchanja gome kwa chombo chenye ncha kali. Utomvu hudondoka polepole, na baada ya siku 15 hadi 20 huwa mgumu. Wenyeji huyaita matone hayo machozi. Katika miezi ya baridi wanawake huketi pamoja, wakayasafisha moja moja kwa kisu.

Mpishi huyatwanga pamoja na sukari kidogo, la sivyo hunata kinuni. Kiasi kidogo mno chatosha kutia harufu nzuri katika mkate mtamu wa Pasaka. Kikizidi, huleta uchungu. Watoto hupenda zaidi sukari laini nyeupe yenye mastika, ambayo hutumbukizwa na kijiko chake katika bilauri ya maji baridi. Mtu huiramba, kisha hunywa maji yale. Jina lake ni "manowari ya chini ya bahari".

Utamu huo haukumfikia mkulima upesi. Watu wa Genoa, waliotawala kisiwa tangu 1346, na Waturuki waliowafuata mwaka wa 1566, walijiwekea faida ya mastika. Wanavijiji walitoa kodi kwa utomvu wao, na mwizi wake aliadhibiwa vikali. Hata baada ya kisiwa kuungana na Ugiriki mwaka wa 1912, bei ilikuwa mikononi mwa wafanya biashara. Ndipo mwaka wa 1938 kilipoanzishwa chama cha ushirika cha wakulima, ili mazao yote yakusanywe na kuuzwa pamoja. Mwaka wa 1997 Umoja wa Ulaya ulililinda jina la mastika ya Chios, mtu wa mahali pengine asilitumie.

Hata hivyo, sheria haizuii moto. Mwezi wa Agosti 2012 moto uliteketeza miti mingi kisiwani humo. Aliyepanda mche baada ya hasara hiyo alijua ya kuwa sharti angoje kama miaka mitano kabla ya kuuchanja mara ya kwanza, naye alipanda.