Debe tupu haliachi kuvuma

Mpwa wangu ni mwanafunzi wa chuo kikuu na anaishi na nyanyake mtaani Umoja, Nairobi. Mamake, ambaye ni dadangu, yuko Doha, nchini Qatar, alikokwenda kutafuta riziki. Kila Jumapili alasiri huwapigia simu ya video, nao huketi sebuleni mbele ya kompyuta wakimwona na kumsikia. Tatizo ni kwamba mama yetu amezeeka na masikio yake si yale ya zamani. Vispika vilivyokuja na kompyuta hiyo vilikuwa hafifu mno, na kila simu ilipokatika alibaki akiuliza, "Amesemaje?"

Kijana akaamua kuunda spika zake mwenyewe, jambo ambalo ni la kusifiwa. Alichukua akiba ya kibarua alichofanya wakati wa likizo, akaenda mjini na kurudi na wufa mbili za inchi 10 zilizong'olewa katika gari. Seremala akamtengenezea vikasha viwili vya plaiwudi nyembamba, vyenye upana wa kutosha tu kuzishika wufa hizo. Jumapili ilipofika, dadangu alisema, "Mama, hujambo?" Vikombe vikatikisika kabatini, jirani wa ghorofa ya juu akagonga sakafu, naye nyanya akauliza ni nani huyo anayesemea ndani ya pipa.

Usiku huo kijana alinipigia simu. "Mjomba, pesa zote zimekwisha. Nilikosea wapi?"

Msomaji mpendwa, najua kwamba hayuko peke yake. Wako wengi, hasa wanafunzi, wanaotamani kujiundia spika za kompyuta, na aghalabu huanza pale pale alipoanzia: kwa kununua spika kubwa kuliko zote ambazo mfuko unaruhusu. Leo tuangalie namna ya kuchagua spika na kasha lake ili usitupe pesa. Nikisema spika nina maana ya kile kidude cha duara chenye koni na sumaku; nikisema kasha nina maana ya sanduku linaloibeba.

Kasha ni la nini?

Wengi hudhani kasha ni pambo, au ni mahali pa kufichia waya. Sivyo. Koni ya spika inaposukuma hewa mbele, wakati huo huo inaivuta nyuma. Mawimbi ya nyuma yakiruhusiwa kuzunguka na kukutana na yale ya mbele, sauti nzito hujifuta zenyewe. Jaribu jambo hili nyumbani: washa spika ikiwa mkononi bila kasha, uisikie inavyolia kama mbu. Kisha kata tundu katika ubao wa katoni, uishikilie spika hapo. Utashangaa jinsi besi inavyorudi.

Kwa hivyo kasha huyafungia mawimbi ya nyuma. Tena hewa iliyofungwa humo hufanya kazi kama springi inayoirudisha koni mahali pake. Mmarekani Edgar Villchur alilitumia wazo hili mwaka wa 1954 alipounda spika iliyoitwa AR-1, ambayo ilitoa besi nzuri ajabu kutoka katika kasha dogo, wakati watu walipokuwa wamezoea makasha yenye ukubwa wa kabati.

Lakini springi hiyo lazima ilingane na spika. Kasha likiwa dogo mno kwa spika husika, hewa hukaza kupita kiasi na sauti huvuma mahali pamoja tu. Hilo ndilo pipa alilolisikia nyanya. Waliosema debe tupu haliachi kuvuma walijua walichosema.

Kuchagua spika

Swali la kwanza si, "Hii ina wati ngapi?" Jiulize utaketi umbali gani na utasikiliza nini. Mtu aliye mbele ya kompyuta yuko umbali wa sentimita 60 au 70 hivi. Hahitaji sauti ya kujaza ukumbi wa harusi. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili walio umbali wa mita moja huwa na nguvu ya desibeli 60 hivi. Spika ndogo iliyoandikwa desibeli 86 hutoa sauti kubwa kuliko hiyo kwa wati 1 pekee! Namba hii ya desibeli ndiyo ya kutazama kwanza, kwani spika ikipungukiwa na desibeli 3, amplifaya yako italazimika kutoa nguvu mara mbili ili kufidia.

Kuhusu ukubwa, spika ya inchi 3 au 4 ya aina ya ful renji, yaani ile inayotoa sauti nyembamba na nene kwa koni moja, inafaa sana mezani. Haihitaji twita wala saketi ya kugawa sauti, na maneno husikika yakitoka mahali pamoja. Wufa ya gari imeundwa kwa kazi nyingine kabisa. Koni yake ni nzito, haiwezi kutetemeka upesi kiasi cha kutoa herufi kama s, f na t, na bila herufi hizo maneno hayaeleweki hata ukiongeza sauti namna gani.

La pili ni omu. Spika nyingi huwa za omu 4 au 8. Soma maandishi ya amplifaya uone inakubali zipi. Ukiunganisha spika mbili za omu 4 sambamba katika upande mmoja, amplifaya itaona omu 2, na huenda ikaungua. Usidhani pia kwamba tundu la hedifoni la kompyuta litaziendesha spika hizi lenyewe. Sharti uwe na amplifaya ndogo katikati. Ya wati 10 hadi 20 kila upande yatosha na kusaza.

Ukinunua spika kuukuu, iwe ni Luthuli Avenue au kwa fundi wa mtaani kwenu, chunguza mambo matatu. Tazama pete ya sponji iliyozunguka koni. Ikiwa inamomonyoka ukiigusa, iache. Sukuma koni polepole kwa vidole vya mikono miwili. Ukisikia inakwaruza, koili imepinda au imeungua. Mwisho, mwombe muuzaji aipime kwa mita. Spika ya omu 8 huonyesha 6 au 7 hivi, na ya omu 4 huonyesha 3 na ushei. Mita isiposogea, hiyo imekufa.

Namba tatu za kuuliza

Spika mpya iliyotoka kwa mtengenezaji anayejali kazi yake huja na karatasi yenye namba. Namba hizi zimetokana na kazi ya Neville Thiele wa Australia, aliyeichapisha mwaka wa 1961, na mwenzake Richard Small aliyeiendeleza miaka ya 1970. Kabla yao, kutengeneza kasha kulikuwa ni kubahatisha kwingi. Zilizo muhimu kwako ni tatu. Fs ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani hezi, ambayo koni huipenda ikiwa huru. Qts huonyesha jinsi sumaku na kitambaa cha spika vinavyoizuia koni kupepesuka. Vas ni kiasi cha hewa, kwa lita, ambacho ugumu wake walingana na ugumu wa koni.

Hesabu ya kasha lililofungwa kabisa si ngumu. Chukua 0.707, ugawanye kwa Qts. Jibu ulizidishe kwa lenyewe, kisha utoe 1. Sasa chukua Vas na uigawanye kwa jibu hilo. Utapata lita za kasha lako.

Tuseme spika yako ya inchi 3 ina Fs ya 100, Qts ya 0.5 na Vas ya lita 3. Ukigawanya 0.707 kwa 0.5 unapata 1.414, ukiizidisha kwa yenyewe unapata 2, ukitoa 1 inabaki 1. Kwa hivyo kasha ni la lita 3. Vilevile, ukizidisha 100 kwa 1.414 unapata hezi 141, ambapo sauti huanza kufifia kadiri unavyoshuka. Je, hiyo yatosha? Sauti ya mwanamke anapozungumza aghalabu huanzia hezi 165 kwenda juu. Yatosha kabisa kwa simu ya Doha, na kwa mihadhara ya chuo pia. Ngoma nzito hutazipata zote, lakini jirani atakushukuru.

Wako wanaopenda kasha lenye bomba la kupitishia hewa. Likipimwa vizuri, bomba huongeza besi. Likipimwa vibaya, huleta mvumo usiokwisha. Hufaa zaidi spika zenye Qts ya kati ya 0.3 na 0.4. Kwa anayeanza, nashauri kasha lililofungwa, kwani husamehe makosa madogo ya seremala.

Kukata na kuunga

Tumia MDF au plaiwudi nzuri yenye unene wa milimita 12. Mbao nyembamba hutetemeka na kuongeza sauti yake isiyoalikwa. Usitengeneze kasha lenye pande sawa kama dadu, kwa sababu mawimbi yataruka kwa kipimo kimoja pande zote. Kwa lita 3, ndani pawe na upana wa sentimita 11, kina cha 13 na kimo cha 21.

Kwa kila kasha mwambie fundi akukatie vipande hivi: viwili vya sentimita 13.4 kwa 23.4, mbele na nyuma. Viwili vya 13 kwa 23.4, ubavuni, na viwili vya 11 kwa 13, juu na chini. Tundu la spika lipimwe kwa spika yenyewe, si kwa kukisia. Vaa barakoa unapokata MDF, maana vumbi lake si zuri kwa mapafu.

Unga kwa gundi ya mbao, na uzibe kila mwanya, hata pale waya unapopita. Ndani tandaza pamba nyepesi ya mto wa kulalia, bila kuishindilia. Kabla ya kufunga, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye vituo vya spika kwa nukta moja tu. Koni ikiruka nje, kituo kilichogusa upande wa chanya wa betri ndicho chanya cha spika. Kitie alama, na uunganishe spika zote mbili kwa namna moja. Moja ikigeuzwa, zitapingana na besi itatoweka.

Hatimaye, ziweke mezani zikitazama masikio yako, wala usizisukume pembeni mwa ukuta, maana kona huongeza mvumo.

Mpwa wangu aliziuza zile wufa kwa mwenye matatu, kwa hasara kidogo, akanunua spika mbili za inchi 3. Vipande vya MDF alivipata kwa seremala mmoja aliyekuwa na mabaki. Kazi ilimchukua Jumamosi mbili.

Jumapili iliyofuata nilikuwapo. Dadangu alizungumza kwa muda mrefu, akatueleza kwamba yu mzima na kazi inaendelea vyema. Mama alisikiliza kimya, kisha akainua mkono.

"Wewe," akasema, "hiyo sauti yako ina kikohozi. Umeanza lini?"

Kukawa kimya kidogo huko Doha. Kumbe alikuwa mgonjwa kwa juma la tatu, na hakutaka kumtia mama yake wasiwasi. Alipelekwa kwa daktari siku iliyofuata.

Wiki ijayo tutatazama jinsi ya kuchagua amplifaya ndogo ya mezani na adapta yake ya stima. Hadi hapo, pima kwanza, ununue baadaye.