Kizibo cha Soda Si Kipimo

Mawaridi ya jirani yangu hapa Kampala yaliposhambuliwa na vidukari, alimkabidhi mtunza bustani wake chupa ya maji ya kunywa, isiyo na lebo, yenye dawa ya kuua wadudu isiyozimuliwa. Agizo lake lilikuwa fupi: “Kizibo kimoja cha soda. Wakizidi, ongeza.” Nilimsikia nikiwa upande wa pili wa ua, na hasira iliyonishika haijanitoka.

Nilikwenda katika duka alikoinunua. Muuzaji huigawa dawa hiyo katika chupa za maji kwa wasiomudu chupa nzima. Alinionyesha chupa asilia: saipamethrini, ukanda wa njano wa kuonya, na kiwango cha mililita 1 kwa kila lita ya maji. Bomba la mkono la jirani hubeba lita 2, kwa hiyo mililita 2 zingetosha. Nyumbani nilikipima kizibo kwa bomba la sindano, kikachukua mililita 7. Hiyo ni mara tatu na nusu ya kiwango, kabla ya kuongeza!

Watakuwapo watakaosema kwamba dawa ikikolea, wadudu hufa upesi. Ni hoja ya mtu mvivu wa kupima. Kidukari aliyekwisha kufa kwa mililita 2 hafi zaidi kwa 7. Kinachozidi ni sumu inayowafikia nyuki, na wale wadudu wanaowala vidukari bila kutudai ujira. Kinachozidi pia ni ile iliyo mikononi na usoni mwa mpulizaji, ambayo huiacha ngozi ikiwaka moto.

Wala usiniambie kwamba mtunza bustani angeuliza. Amuulize nani, naye ameajiriwa kutii? Lebo ndiyo ingemjibu, lakini ilibaki dukani, na hata ingelimfikia, imeandikwa kwa Kiingereza asichokisoma. Kiganda anakisoma, Kiswahili anakisoma. Katiba yetu, tangu marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mwanafunzi wangu, usidhani lugha rasmi ni ya hotuba na sherehe tu! Ninadai iandikwe penye sumu, pamoja na Kiganda, na anayemimina dawa katika chupa ya maji azuiwe kuiuza. Ufukara wa mnunuzi hauhalalishi kumuuzia sumu isiyo na jina. Watengenezaji na wafunge vichupa vidogo, kila kimoja na lebo yake.

Nilimpa kijana yule bomba la sindano la mililita 5, nikaliandika SUMU kwa wino mwekundu, pamoja na glavu. Nikamweleza apulizie jioni, nyuki wakisharudi mzingani. Akaniuliza, “Mwalimu, mbona bosi hakuniambia?”

Jirani amenuna tangu siku hiyo. Ile chupa ya maji ingali dirishani mwa jiko lake, na ana wajukuu watatu.